Nyaatha na Wagonjwa Wetu





Tukitaja watakatifu, wengi wetu tunakumbuka moto wa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, na Karoli Lwanga. Ni haki yao. Hata watoto wetu wanaitwa Lwanga na Kizito. Lakini pengine moto ule unatupa kisingizio: hapa hakuna mfalme anayetudai tumkane Kristo, basi tutoe sadaka gani? Ndiyo maana leo tumemchagua Sista Irene Stefani.

Huyu Mkonsolata alitoka Italia akafika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi wale wa Kariakoo, jameni, wengi walitolewa huku kwetu Nyanza! Kuanzia 1920 alikaa Gikondi, Nyeri, akipanda na kushuka vilima kwa miguu, nyumba hata nyumba. Wakikuyu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Mwaka 1930 alimwuguza mwalimu mwenye tauni, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba, ana miaka 39. Alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Sasa angalieni. Tauni ilikuwa ya siku chache tu. Kutembea kulikuwa kwa miaka kumi. Sisi tunaona sadaka yake ilianzia pale penye kutembea. Mtu aliyezoea kuingia kila nyumba angeipitaje moja, ati kwa sababu ndani mna tauni?

Na sisi je? Katika kazi yetu tunamkuta mgonjwa wa kifua kikuu ametengewa sahani, chakula kinasukumwa mlangoni kwa mguu. Na mwenye kusukuma ana rozari shingoni! Hatusemi mjitie hatarini ovyo, hapana. Nyaatha hakuwa na dawa ya tauni. Sisi ya kifua kikuu tunayo. Fungueni madirisha, mgonjwa afunike mdomo akikohoa, ameze dawa zake miezi sita bila kuruka. Akizimeza barabara, baada ya majuma machache hatari ya kuambukiza kwa kawaida hupungua sana. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi naye, kumkumbusha dawa hata mwezi wa tano, wakati jamaa wamechoka na mwenyewe anasema amepona.

Karatasi iko kwa katekista. Andikeni jina na siku mnayoweza. Jumatano na Ijumaa bado hazina mtu.