Gari Likikwama Nakivubo: Imani na Mikono ya Kusaidiana

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu.)

MZUNGUMZAJI: Tunazungumzia safari ya familia, hasa pale inapokatika njiani.

Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, familia nyingi hufunga mizigo kwenda Namugongo, nje kidogo ya Kampala, kuwakumbuka mashahidi wa Uganda. Wengine hutembea kwa miguu siku nyingi, hata kutoka nchi jirani. Wengine huchangishana na kukodi teksi. Wakifika hutandika mikeka, hufunga maturubai na kulala hapo hadi siku ya ibada. Ni safari ya sala, lakini pia ni safari ya sufuria, mablanketi na watoto wanaouliza kila saa kama tumefika.

Sasa tuseme familia imetoka Nakivale: baba, mama, watoto wanne na bibi yao. Kutoka Mbarara peke yake hadi Kampala ni takriban kilomita 270. Wamepita Lyantonde na Masaka, wamevuka ikweta pale Kayabwe. Jioni wanaingia mjini. Katikati ya msongamano wa Nakivubo, mvuke unafuka chini ya boneti na teksi inazima. Dereva hana pesa ya spea. Watoto wana njaa, bibi amechoka, na giza linaingia katika mji wasioujua.

Mmoja anasema, "Tusali tu, Mungu atafungua njia." Mwingine anajibu kwa hasira, "Sala haiwashi injini!" Ndugu msikilizaji, kila mmoja hapo ameshika nusu ya jambo.

Nakivubo ni bonde. Juu yake, katika kilima cha Old Kampala, uko msikiti mkuu wa taifa. Namirembe kuna kanisa kuu la Waanglikana, na Rubaga kanisa kuu la Wakatoliki. Huku bondeni kuna soko la Kisekka, penye mafundi na wauza spea. Karibu nalo ni soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe.

Balikuddembe ni nani? Ni Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa hapo Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885. Alikuwa kiongozi wa vijana watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Aliwakinga vijana wale wasidhulumiwe, na alimlaumu Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu James Hannington. Alijua hatari yake, lakini hakunyamaza. Imani yake ilionekana katika namna alivyosimama kwa ajili ya wengine.

Dini zetu zinafundisha hivyo hivyo. Katika Kurani, msafiri aliyeishiwa njiani ametajwa miongoni mwa wanaostahili kupewa zaka. Katika Injili ya Luka, Msamaria alimfunga majeraha mtu aliyeumizwa, akampandisha juu ya mnyama wake na kumlipia nyumba ya wageni. Alitumia mafuta, divai, mnyama na fedha.

Basi, familia yetu ifanye nini?

Kwanza, watu wote washuke na kusimama mbali na barabara. Watoto washikwe mikono, na mtu mzima mmoja abaki nao daima. Injini ikiwa imechemka, asiwepo wa kufungua kifuniko cha radieta, kwa maana maji yale yanarushwa juu na kuunguza vibaya. Subirini ipoe.

Pili, ombeni msaada. Wengi wetu tunaona haya. Tunasema, "Sisi ni wakimbizi, nani atatusikiliza?" Kuomba njia si kuombaomba. Msalimie mtu kwa heshima, mwite Ssebo kama ni mwanamume, Nyabo kama ni mwanamke. Kiswahili kinaeleweka na watu wengi mjini. Mwendee mwenye duka, mama anayeuza chakula, au askari. Hao wanaonekana mahali pao, na kesho watakuwepo.

Tatu, imani isikufumbe macho. Patana bei na fundi kabla hajafungua boneti, mbele ya shahidi. Omba uone kifaa kilichoharibika. Fedha zote zisitolewe mbele za watu, na kitambulisho chako kisibaki mkononi mwa mtu kama rehani. Mkiona hatari, pigeni simu polisi, namba 999 au 112.

Nne, gaweni kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Baba aende na dereva kwa fundi, mama atafute mahali salama pa kukaa bibi na watoto, kijana mkubwa alinde mizigo. Anayetaka kusali, asali huku akifanya kazi yake. Sala humtuliza mtu asigombane na dereva, na mtu aliyetulia huona msaada ulio karibu.

Na sasa neno kwetu sote. Tumezoea kuitwa watu wa kusaidiwa. Lakini nani anayejua zaidi yetu maana ya kukwama njiani na watoto usiku? Siku utakapoona gari la wengine limezima karibu na makazi yenu, usiulize kwanza ni wa kabila gani au wanasali wapi. Sukuma. Leta maji. Mpe mama mwenye mtoto mahali pa kukaa. Mkono uliopokea jana unaweza kutoa leo.

Safari njema, na Mungu awe nanyi.

(Muziki unapanda, kisha unazima.)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI
1. Ni nini kinachotuzuia kuomba msaada tukiwa ugenini?
2. Tunawezaje kumwamini mgeni bila kuwaweka watoto wetu hatarini?
3. Msafiri akikwama karibu nasi usiku wa leo, nani ataleta nini?