Askari ni Mtumishi, si Bwana
(Maneno tuliyowaambia wanachama wa Nachingwea na Ruangwa)



Hatukuja leo kuwasifu wala kusifiwa. Tumekuja kusema jambo moja, jambo la askari na raia. Na tunalisema hapa kwa sababu kilio chake kilitoka hapa.

Habari yenyewe mnaijua. Mwezi wa Oktoba 2021 kijana mmoja wa Nachingwea, mfanyabiashara wa madini, alikamatwa na polisi kwa kushukiwa wizi. Fedha zake, mamilioni ya shilingi, zikachukuliwa. Yeye akaachiwa, fedha hazikurudi. Akazidai, kama mtu yeyote angedai jasho lake. Januari 2022 aliuawa, na mwili wake ukatupwa porini, huko Hiari, Mtwara. Maofisa wa polisi wakashtakiwa. Juni 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani wawili, ikawahukumu kunyongwa. Wengine ikawaachia huru.

Basi twaulizana: ugonjwa huu umeanzia wapi?

Wazee wetu walituhadithia. Mkoloni alipounda polisi wa Tanganyika hakukusudia kumlinda mkulima wa Ruangwa. Alikusudia kulinda boma, kodi na mali ya kampuni. Karanga zilipoletwa Nachingwea, baada ya 1947, utaratibu ulikuwa wa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Polisi nao walikuwa hivyo hivyo. Amri ilitoka kwa Mzungu, na Mwafrika akapewa rungu ampige ndugu yake. Mwafrika mwenye fedha mfukoni alihesabiwa mwizi mpaka athibitishe kuwa si mwizi. Na aliyethubutu kuwasema wakubwa alifikishwa mahakamani. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika gazeti la chama juu ya mabwana shauri, akatozwa faini ya shilingi 3,000.

Uhuru ukaja 1961. Ndugu Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la polisi. Tulishangilia, na ilistahili kushangilia. Lakini ndugu zetu, kuondoa rangi juu ya kiti si kuondoa tabia iliyokaa juu ya kiti hicho. Kijana akikutwa na fedha za ufuta, za korosho au za madini, akaulizwa, “Mtu kama wewe umezipata wapi?”, swali hilo ni la mkoloni. Aliyelirithi ni mweusi kama sisi, lakini dharau ni ile ile.

Wako watakaosema: “Mnawavunja moyo askari.” Hapana. Twajua askari wengi ni watoto wetu. Twajua wanakesha, nyumba zao nyingi ni mbovu, na majambazi wapo. Lakini hao askari wema ndio wanaochafuliwa jina na wachache wanaofichwa. Anayemficha mwovu kwa kisingizio cha kulinda heshima ya jeshi ndiye anayeivunja heshima hiyo.

Wala tusidhani kwamba tunataka jambo geni. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa shauri la mauaji ya kishirikina, wakateswa, wengine wakafa mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Si yeye aliyeshika fimbo. Lakini waliotesa walikuwa chini yake, naye akaubeba mzigo. Taifa halikumtupa. Mwaka 1985 likamfanya Rais. Kuwajibika si kujiua, ndugu zetu. Kuwajibika ni heshima.

Kisha ikaja Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa na polisi Dar es Salaam. Tuliambiwa ni majambazi. Tume ya Jaji Kipenka ikaona kuwa hawakuwa majambazi. Kesi ilikwenda miaka kumi, mpaka 2016 Mahakama ya Rufani ilipomtia hatiani ofisa mmoja. Baada ya miaka michache tu, mfanyabiashara mwingine wa madini akauawa, safari hii mwana wa Nachingwea. Somo la kwanza halikushika.

Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikataa polisi wajichunguze wenyewe katika mauaji haya, akamwagiza Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, aunde kamati. Neno hilo lilikuwa la haki. Fisi hapewi kesi ya mbuzi. Lakini haki isingoje Rais aseme. Twataka chombo cha kudumu, kilicho nje ya polisi, ambacho mkulima wa kijijini anaweza kukifikia bila kumjua mkubwa yeyote.

Nasi tusikae kusubiri tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayechukua mali katika upekuzi atoe stakabadhi, yenye saini ya mwenye mali na ya mashahidi. Basi idai, hata kama mikono inatetemeka. Kwa makosa mengi mtu asikae rumande kupita saa 24 bila dhamana ya polisi au kufikishwa mahakamani. Hesabuni saa hizo. Mtu akifia mikononi mwa polisi, sheria ya 1980 inataka kifo hicho kichunguzwe. Msikubali kuzika kimya kimya. Na ndugu akikamatwa, asiende kituoni mtu mmoja. Waende wawili, watatu, kwa adabu, wakiandika jina la askari, siku na saa.

Yule kijana alikwenda kudai haki yake peke yake. Hilo ndilo linalotuuma. Sisi tuliojiunga katika chama tulijiunga ili mnyonge asisimame peke yake mbele ya boma. Kama tumelisahau hilo, basi kadi tulizo nazo mfukoni ni karatasi tu.

Hukumu imetolewa, lakini mama hakurudishiwa mwanawe. Tulilo nalo sisi ni kuhakikisha asilie mama mwingine, Nachingwea, Ruangwa, wala penginepo.

Uhuru na Umoja!