Mgeni Katika Nyumba ya Kale

Maneno yaliyosemwa Kalangalala mbele ya waamini na walimu





Tangu Jimbo letu la Geita lilipoanzishwa mwaka 1984, kila jubilei ikaribiapo husikika neno hili: tuvipange vitu vya zamani katika nyumba ya zamani, watu waje wavitazame. Ni neno jema. Lakini maonyesho ya siku chache ndani ya nyumba iliyo kumbukumbu yenyewe ni kama mgeni aingiaye kwa watu. Naye mgeni aweza kumheshimu mwenyeji, au kumtoa kitandani mwake.

Tutazame Kwihara, karibu na Tabora. Huko iko tembe iliyojengwa upya kwa mfano wa ile waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi. Livingstone akangoja hata Agosti, walipomfikia watu 57 waliotumwa kwake toka pwani. Aingiaye humo hutoka na majina mawili ya Wazungu. Na wale 57 je? Mwaka uliofuata Livingstone alikufa kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili wake, wakauchukua. Oktoba 1873 wakafika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, naye akawashauri wauzike papo hapo. Wakakataa. Wakashika njia tena, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Ulizikwa London Aprili mwaka ule ule. Na katika wote walioubeba, aliyefika kaburini ni Jacob Wainwright peke yake.

Hapo ndipo tuonapo faida ya maonyesho ya muda. Kuta hazibadiliki, nazo husimulia habari za mwenye nyumba. Mgeni huja na habari za yule aliyelala uani. Mwaka 2009 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilifanya London maonyesho ya namna hiyo, juu ya wapagazi, wakalimani na viongozi wa njia ambao vitabu viliwapita. Sisi tungefurahi kuuona mzigo mmoja wa mpagazi umewekwa siku arobaini katika chumba cha Kwihara, pasipo maneno mengi. Na kwetu vivyo hivyo. Picha za mapadre tunazo tele. Za makatekista waliokwenda kwa miguu kijiji hata kijiji, na za akina mama waliowapikia, ziko wapi?

Ila mgeni asiibomoe nyumba. Watu wa Geita hatuhitaji kufundishwa hili: aondoaye matimba ya duara ili apate mawe kidogo zaidi, duara humwangukia. Ukuta wa udongo usipigwe misumari; mbao za picha zisimame kwa miguu yake zenyewe, nazo zikaguliwe mchwa kabla ya kuvuka kizingiti. Picha ya kale isikae juani, kwa maana rangi iliyokwisha kufifia hairudi. Watu waingie wachache wachache. Tena chumba kimoja kiachwe kama kilivyo, ili wajao waione nyumba, wala si meza zetu tu.

Liko jambo lituumizalo. Tuliwahi kuazima vitu vya wazee kwa shangwe, tukavirudisha kwa uvivu. Rozari ya bibi mmoja haikuonekana tena, naye aliipokea siku ya ubatizo wake. Hakutulaumu. Alipoombwa kitu mara ya pili, alijibu kwamba hana.

Kwa hiyo twawaomba Walimu washike daftari: jina la kitu, jina la mwenyewe, siku kilipopokewa, na ufa au doa kilichokuwa nalo. Siku ya kufunga, vitu vipelekwe nyumbani kwa wenyewe kabla jua halijachwa, nao watie sahihi au kidole.