Jarida Dogo na Jamii Yake: Transition ya Kampala, 1961–1968

Tumezoea kulipima jarida la fasihi kwa nakala zilizouzwa na kwa umri wake. Kwa vipimo hivyo majarida mengi madogo ya Afrika Mashariki yameshindwa, maana yaliuza kidogo na kufa mapema. Hoja ninayoileta ni kwamba kipimo cha kwanza kiwe mabishano: je, jarida limewafanya waandishi wa mahali pake wasomane, wapingane hadharani na kujibiwa? Transition, iliyoanzishwa mwaka 1961 na Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, inaonyesha kwa nini.

Neogy hakuanza patupu. Makerere kulikuwa tayari na Penpoint, jarida la Idara ya Kiingereza lililoanza 1958, ambamo Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha hadithi zake za mwanzo. Juni 1962 chuo hicho kikapokea mkutano wa waandishi wa Afrika, Achebe na Soyinka wakiwamo. Transition iliyatoa mazungumzo hayo nje ya uzio wa chuo. Mwaka 1963 ilichapisha makala ya Obi Wali iliyodai kwamba fasihi ya Afrika katika lugha za Ulaya haina mbele. Ezekiel Mphahlele akamjibu humo humo. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ, ambaye alikuwa ameshageukia kuandika kwa Gĩkũyũ, alimrejelea Wali. Mwaka 1966 Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyefundisha Makerere, aliandika humo makala kali juu ya Nkrumah, na wasomaji wakaja juu. Safu ya barua ndiyo naiona kuwa moyo wa jarida lile. Barua zilikuwa ndefu, zenye hasira na hoja, na mwalimu, mwanasiasa na msomaji wa kawaida walikutana ukurasa mmoja.

Wapo watakaosema jarida hili halikuwa la Kampala hata kidogo. Mwaka 1967 ilithibitika kwamba Congress for Cultural Freedom, iliyolifadhili, ilikuwa ikipokea fedha za CIA. Pingamizi hilo ni zito, kwani wasomaji walifichwa mkono uliolipa. Lakini fedha hizo hazikuandika hoja ya Wali, wala hazikumlinda mhariri. Oktoba 1968 serikali ya Obote ilimkamata Neogy pamoja na Abu Mayanja, mbunge aliyeikosoa serikali katika kurasa zake. Jarida lisiloigusa Uganda lisingewapeleka watu hao kizuizini.

Pingamizi la lugha nalikubali zaidi. Jarida lilizungumza Kiingereza katika mji ambao masoko yake yaliongea Luganda na Kiswahili, hivyo jamii yake ilikuwa finyu. Hata hivyo, shutuma kali kuliko zote dhidi ya hali hiyo ilitoka ndani ya jarida lenyewe, katika makala ya Wali.

Transition ilifufuliwa Accra mwaka 1971, baadaye ikahaririwa na Soyinka, ikasimama 1976, kisha ikaanza tena Marekani mwaka 1991. Kwa kipimo cha umri imefaulu, ila Kampala haikurudi. Kwa kuwa moyo wake ulikuwa safu ya barua, na doa lake fedha zilizofichwa, nawapendekezea wahariri wetu mambo mawili: watenge kurasa za majibu katika kila toleo, kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali, na wataje wazi katika toleo hilo hilo nani amelipia uchapaji.