Barabara Tupu: Kupiga Picha Mji Uliozoea Kafyu

(Mada kwa semina ya wapiga picha chipukizi, Garissa)



Mwaka 2020, korona ilipofunga dunia, magazeti yalijaa picha za aina moja: barabara za London, Roma na New York hazina mtu. Watazamaji walishangaa, na kwa haki, maana ukimya ule kwao ulikuwa mgeni. Je, mpiga picha wa Garissa akiipiga Kismayu Road ikiwa tupu, ameonyesha nini? Mimi nasema hajaonyesha kitu mpaka picha yenyewe iseme watu wameondolewa na nini.

Hapa kafyu ina umri. Eneo lote la mpaka wa kaskazini liliwekwa chini ya hali ya hatari Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera kupandishwa, na sheria zile za dharura hazikufutwa hadi 1991. Novemba 1980 Bulla Kartasi ilichomwa moto na vikosi vya usalama, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, ikaja kafyu nyingine ya usiku, kwetu na kwa majirani zetu wa Wajir, Mandera na Tana River. Kwa hiyo kafyu ya nchi nzima ilipoanza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, wanafunzi walikuwa Nairobi. Sisi tulikuwa tumeshahitimu.

Na si kafyu peke yake inayoufagia mji huu. Saa saba mchana jua huifanya kazi hiyo bila amri ya waziri. Ijumaa, maduka hufungwa kwa swala. Mto Tana ukifurika na barabara ya upande wa Madogo ikakatika, malori hayaji na mtaa hupooza. Ukiziweka picha za nyakati hizo nne kando kwa kando bila maelezo, mhariri aliye mbali atachagua yoyote na kuandika chini yake neno analolitaka. Daguerre alipopiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, barabara ilikuwa imejaa watu na magari ya farasi. Kamera yake ilikuwa polepole mno kuwanasa waliokuwa wakienda, akabaki mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Tangu siku za mwanzo kabisa za kazi yetu, barabara tupu imekuwa ushahidi wa kutiliwa shaka.

Tufanyeje basi? Tuanze na kivuli. Garissa iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Kuanzia wiki ya tatu ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri liko kaskazini yetu na vivuli huangukia kusini. Miezi mingine ni kinyume. Na kaskazini hatuitafuti kwa dira: Makka na Garissa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, hivyo kibla hapa ni kaskazini hasa. Ukuta wa kibla wa msikiti, kwa nje, hupata jua la adhuhuri katikati ya mwaka na hukaa kivulini Desemba. Picha ya adhuhuri inayodaiwa kuwa ya Mei 2020, na ukuta huo uko gizani, ina swali la kujibu. Ndiyo maana napenda msikiti uingie ndani ya fremu hata pale ambapo si mada.

Kafyu yenyewe ni ngumu zaidi. Mwezi Mei jua hapa huzama yapata saa kumi na mbili na dakika ishirini, kwa hiyo saa moja ni giza, na mpiga picha naye ni raia aliyekatazwa kutoka. Picha ya kweli ya usiku ule ilipigwa juu ya paa au kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, misikiti imefungwa. Isha na tarawehe zikaswaliwa majumbani. Mandera ilikuwa imeshafungwa tangu 22 Aprili, na siku chache baadaye kambi za Dadaab nazo. Atakayeitafuta korona ya Kaskazini Mashariki barabarani ataikosa. Ilikuwa uani, mikeka imetandikwa kwa safu, baba ndiye imamu.

Sasa majengo. Usanifu wa kisasa wa miaka ya baada ya uhuru, ule wa saruji isiyopambwa na mistari iliyonyooka, nchini Kenya huonyeshwa kwa jengo la KICC la Nairobi, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, lililokamilika 1973. Wapiga picha wa majengo kama hayo hudamka alfajiri ili watu wasiwaharibie mistari. Guy Tillim wa Afrika Kusini alikwenda kinyume katika kitabu chake *Avenue Patrice Lumumba* cha 2008: majengo ya Congo, Angola na Msumbiji yamo pamoja na karani na meza yake. Kwetu njia hiyo ndiyo yenye akili. Varanda ndefu ya ofisi au matofali yenye matundu darasani yaliwekwa kwa ajili ya joto. Usipomweka mzee aliyeketi pale anasubiri faili lake, umepiga saruji tu. Vivyo hivyo Dadaab. Kambi ya Ifo ilianza 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992, zikipangwa kwa watu 90,000 jumla. Picha za kutoka angani zinazopendwa sana huonyesha safu za paa, hazionyeshi duka.

Neno la tahadhari. Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204, inampa askari nguvu ya kukuzuia, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaigusa sura ya mtu. Omba ruhusa kwanza. Mama wa sokoni akisema hapana, ni hapana; usimzunguke kwa lenzi ndefu.

Mchana huu tutagawana mtaa mmoja. Kila mshiriki atapiga mahali palepale mara tatu: saa saba, baada ya Alasiri, na miraa itakapowasili. Kesho picha zitabandikwa bila majina wala saa, na kundi lingine lizipange kwa kuangalia vivuli, milango na viatu vilivyovuliwa vibarazani.