PF3 HAIONI KUFULI LA STOO
(Mada iliyotolewa kwa vijana, Kaengesa, Sumbawanga)



Wengi wenu mmetoka Kaengesa mkaenda kutafuta maisha Sumbawanga mjini, Tunduma na Mbeya, na gazeti hili mnalisomea kijiweni. Leo sizungumzii ruzuku wala tume ya uchaguzi. Nazungumzia jambo ambalo wakubwa wanaliita la chumbani ili wasiulizwe.

Mchukue mama mmoja wa hapa. Simtaji, maana wako wengi. Amelima na mumewe, amepalilia, amevuna. Mwezi wa saba magunia ya mahindi yanaingia stoo, mume anatia kufuli na ufunguo anautia mfukoni. Simu ya mama anaishika yeye. Akichelewa kisimani anaulizwa alikuwa na nani. Akitaka kwenda kwa dada yake, hapana. Kibao hajapigwa hata kimoja, kwa kuwa akitazamwa tu anatetemeka.

Siku akijikaza kwenda kwa mtendaji, swali la kwanza ni: "Amekupiga wapi?" Hana pa kuonyesha. Basi mama, rudi nyumbani mkayamalize. Akisema aende dawati la jinsia la polisi mjini Sumbawanga, nauli imo ndani ya stoo ile ile. Na akifika, fomu ya PF3 ni ya majeraha. Kufuli halina mahali pa kuandikwa.

Jamani, sheria tunayo, ila nusu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikiruhusu. Vizuri. Lakini kifungu hicho kimeishia kwenye fimbo. Uganda walitunga sheria ya ukatili wa majumbani 2010, Kenya 2015, na zote zinataja unyanyasaji wa kiuchumi. Uingereza, mwaka huo huo wa 2015, kumtawala mwenzi kwa vitisho kukawa kosa la kufungwa hadi miaka 5. Sisi sheria mahususi ya namna hiyo hatuna. Na utafiti wa serikali yenyewe wa 2015-16 ulikuta wanawake 40 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Hao ni wa kipigo tu.

Tunadai polisi, nesi, mtendaji na wajumbe wa baraza la usuluhishi wafundishwe. Siyo semina ya siku moja ya soda na posho! Wafundishwe kumhoji mama peke yake. Baraza la usuluhishi, ambako kwa kawaida lazima upite kabla ya kudai talaka mahakamani, likiwaketisha wote wawili benchi moja, mama atasema nini, naye usiku analala nyumba ile ile? Aulizwe ufunguo anao nani, simu anayo nani, akichelewa hufanywa nini. Majibu yaandikwe na tarehe zake, maana tukio moja moja huonekana dogo.

Na wewe unayesoma huku umeshika simu ya mchumba wako ukikagua majina, usicheke. Kati yenu wapo watakaoajiriwa polisi na zahanati. Mwenye tabia hiyo kwake atamsikilizaje mama wa watu kaunta?

Diwani akija kuomba kura, mwulizeni halmashauri imetenga shilingi ngapi kumfundisha mtendaji wa Kaengesa.