Moyo Baada ya Msimu wa Korosho
Msikilizaji wa Masasi na Newala, moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani: nafasi kati ya pigo na pigo hufupika kidogo unapovuta pumzi, hurefuka unapoitoa. Tofauti hiyo hupungua umri unavyosonga, na tafiti zinaonyesha kuwa mazoezi ya mara kwa mara huweza kuiongeza. Utauliza, anayeokota korosho tangu alfajiri ana haja gani ya mazoezi? Hoja nzito, lakini ni ya miezi ya mavuno tu. Msimu ukiisha na kila safari ikawa ya bodaboda, faida ya kazi hiyo kwa moyo hufifia ndani ya wiki chache. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, hata za kutembea kwa haraka. Mwenye shinikizo la damu, pitia kwanza zahanati.